Maria Gaetana Agnesi: Aliyeiandika Kalkulasi kwa Lugha ya Nyumbani

Wengi wetu tulioingia katika idara za Kiswahili tuliagana na hisabati siku tulipoweka kalamu chini mwishoni mwa mtihani wa kidato cha nne. Kalkulasi, ile hisabati inayochunguza jinsi vitu vinavyobadilika, iliwekwa mwishoni kabisa mwa silabasi ya 8-4-4, na aghalabu mwalimu aliifikia akiwa anakimbizana na kalenda. Tulikariri kanuni mbili tatu, tukachora grafu chache, tukaondoka. Hayo yote tulifundishwa kwa Kiingereza na hakuna aliyeona ajabu. Wazo kwamba taaluma hiyo ingeweza kuelezwa, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa lugha tunayoomba maji kwayo halikutupitikia.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwanamke wa karne ya kumi na nane ambaye wazo la namna hiyo lilimpitikia, naye akalitekeleza. Jina lake ni Maria Gaetana Agnesi. Wanahisabati humtaja hasa kwa sababu ya grafu moja yenye umbo la kilima, tena kwa jina la kutisha ambalo hakulichagua yeye. Wanalugha hawamtaji kabisa, ilhali nina hakika kwamba sisi ndio tuliopaswa kumtaja kwanza.

Agnesi alizaliwa Milan, kaskazini mwa Italia, tarehe 16 Mei 1718. Zama hizo Italia haikuwa nchi moja. Milan ilitawaliwa na ukoo wa Habsburg kutoka Vienna. Babake, Pietro Agnesi, alikuwa tajiri wa ukoo wa wafanyabiashara wa hariri. Vitabu vingi humwita profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Bologna. Hilo ni kosa lililonakiliwa na kunakiliwa tena hadi likavaa joho la ukweli. Pietro alikuwa na mali, lakini hakuwa na cheo, na alichotamani ni kuhesabiwa miongoni mwa makabaila wa mji. Alioa mara tatu, akapata watoto 21. Maria alikuwa kifunguamimba.

Mtoto huyo alijaliwa ulimi wa ajabu. Alipofika umri wa miaka 5 alizungumza Kifaransa bila kigugumizi. Kufikia umri wa miaka 11 alikuwa na lugha saba: Kiitaliano, Kifaransa, Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kihispania na Kijerumani. Mwaka wa 1727, akiwa na umri wa miaka 9, alisimama mbele ya wageni wa babake akatoa kwa ghibu hotuba ndefu ya Kilatini iliyotetea haki ya wanawake ya kusoma sayansi na sanaa. Hoja zenyewe zilikuwa zimetungwa na mwalimu wake kwa Kiitaliano, yeye alizitafsiri. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza inayojulikana ilikuwa tafsiri, na tafsiri hiyo ilitoka katika lugha ya nyumbani kwenda katika lugha ya wasomi. Tuikumbuke safari hiyo, kwani miaka 20 baadaye aliigeuza.

Tangu hapo nyumba ya Pietro ikawa baraza. Wasomi, mapadri, makabaila na wasafiri wa kutoka nchi mbalimbali waliketi katika duara, na binti huyo akawekwa katikati. Mgeni aliyetaka aliuliza swali la falsafa au la sayansi, naye akajibu kwa Kilatini. Mgeni akitaka kuzungumza kwa lugha yake, alijibiwa kwa lugha hiyo. Mdogo wake, Maria Teresa, ambaye baadaye alivuma kama mtunzi wa muziki, aliburudisha hadhira kwa kinanda. Mfaransa Charles de Brosses alihudhuria jioni moja mwaka wa 1739, akaiandikia habari zake. Alistaajabu, na hakuona haya kukiri kwamba mazungumzo yalipofika kwenye jiometria ya mistari iliyopinda, yeye hakuambulia hata neno. Mwaka uliotangulia, 1738, Agnesi alikuwa amechapisha kwa Kilatini hoja takribani 190 alizozitetea katika mabaraza hayo, zikigusa mantiki, fizikia na mengineyo.

Namwomba msomaji atue hapa kidogo. Sisi wa vyuo vikuu tumezoea kuupima umilisi kwa kumsimamisha mtu mbele ya jopo na kumwuliza maswali. Agnesi alipimwa hivyo tangu utotoni, akafaulu kila mara, na matokeo yake yakawa kwamba alichoka. Umilisi wake ulikuwa pambo la sebule ya babake. Makofi yalipigwa, wageni wakaondoka, na hakuna aliyetoka mle akiwa amejifunza mistari iliyopinda kwa kumsikiliza. Ushahidi ni huyo Mfaransa.

Akiwa na umri wa takribani miaka 21 Agnesi alimwomba babake ruhusa ya kuingia utawani. Pietro alishtuka, akamsihi abaki. Wakafikia mapatano. Binti angebaki nyumbani na kuwalea ndugu zake wadogo, lakini kwa masharti: avae mavazi ya kawaida, aende kanisani wakati wowote apendao, na asilazimishwe kuhudhuria dansi, michezo ya kuigiza na tafrija nyinginezo. Baba akakubali. Hapo ndipo hisabati ilipopata nafasi, kwa maana binti aliyeondolewa dansi alibakiwa na jioni ndefu.

Mwaka wa 1740 alifika Milan mtawa mmoja mwanahisabati, Ramiro Rampinelli, akawa mwalimu wake. Kalkulasi wakati huo ilikuwa na umri usiozidi wa mtu mzima. Gottfried Wilhelm Leibniz alikuwa amechapisha makala yake ya kwanza kuihusu mwaka wa 1684. Isaac Newton alikuwa ameigundua kwa njia yake mwenyewe, akachelewa kuitangaza. Mwaka wa 1696 Mfaransa Guillaume de l'Hôpital alitoa kitabu cha kiada, lakini kilishughulikia nusu moja tu ya taaluma hiyo. Mengineyo yalitapakaa: haya katika majarida ya Leipzig, yale katika barua za watu wa Basel, mengine katika vitabu vya Paris vilivyokanganya hata wataalamu. Mwanafunzi aliyetaka kuanza mwanzo na kufika mwisho hakuwa na kitabu kimoja cha kumshika mkono. Agnesi na Rampinelli walipitia kitabu cha Charles Reyneau, kilichokuwa kimeyakusanya mengi bila kuyapanga vizuri, na nadhani humo ndimo alimoonja uchungu wa mwanafunzi.

Nusu mbili za kalkulasi ni zipi? Tuchukue basi linalotoka Nairobi kwenda Nakuru. Ukijua limefika wapi katika kila dakika, unaweza kuuliza lilikuwa likienda kwa kasi gani wakati fulani hasa, tuseme saa nne kamili. Hilo ni swali la mteremko: kwenye grafu ya umbali na wakati, kasi ya nukta fulani ni mwinamo wa mstari unaoigusa grafu hapo tu. Kinyume chake, ukijua kasi ya basi katika kila dakika, unaweza kuuliza limesafiri umbali gani kwa jumla. Hilo ni swali la eneo lililo chini ya grafu ya kasi. Ugunduzi mkubwa wa Newton na Leibniz ni kwamba maswali haya mawili ni kwenda na kurudi katika njia moja. Anayejua njia ya kwenda anaweza kutafuta ya kurudi, ingawa ya kurudi ina miiba zaidi.

Kitabu cha Agnesi kilianza kama daftari la kujisomea, kisha likawa la kuwafundisha ndugu zake. Yeye mwenyewe alieleza katika dibaji kwamba hayo ndiyo yaliyomfanya aandike kwa Kiitaliano, na kwamba hakuona sababu ya kujitaabisha kukigeuza kiwe cha Kilatini. Alikiri pia kwamba alichojali zaidi ya usafi wa lugha ni uwazi. Maneno hayo yanaweza kupita kama ya mtu anayeomba radhi. Mimi nayasoma vingine. Huyu hakuwa mtu aliyeshindwa na Kilatini. Alikihutubia akiwa na miaka 9. Kama kuna mtu katika Italia nzima aliyeweza kukiandika kitabu hicho kwa lugha ya wasomi bila kutoa jasho, alikuwa ni yeye. Alikuwa na ufunguo wa mlango ule, akaamua kuwafungulia wengine mlango wa pili.

Kitabu kilitoka mwaka wa 1748 kwa jina *Instituzioni analitiche ad uso della gioventù italiana*, yaani misingi ya uchanganuzi kwa matumizi ya vijana wa Italia. Kilikuwa na juzuu mbili zenye zaidi ya kurasa 1,000. Mchapishaji alihamishia mitambo yake nyumbani kwa akina Agnesi ili mwandishi aweze kusimamia kila ukurasa, kwani alama za hisabati zikikosewa na mpanga chapa kitabu kizima huwa kitendawili. Atakayehisi kwamba huo ulikuwa udekezwaji wa mtoto wa tajiri hatakuwa amekosea. Lakini kitabu kilitoka safi.

Kiitaliano alichokitumia kilikuwa cha mtindo wa Toscana, wala si lahaja iliyozungumzwa mitaani Milan. Anayekumbuka jinsi mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulivyoichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, huku Wamvita wakinung'unika, hatahitaji maelezo marefu. Lugha ya nyumbani niliyoitaja kwenye anwani ya makala haya ni nyumba pana kidogo. Hata hivyo, kijana wa Milan, Venice au Napoli aliyeweza kusoma aliweza kuifikia, jambo ambalo asingelisema kuhusu Kilatini endapo alikuwa msichana, au mtoto wa fundi, au mwana wa mfanyabiashara asiyepelekwa kwa mapadri.

Mpangilio wa kitabu ndio uliokuwa fahari yake. Juzuu ya kwanza haigusi kalkulasi. Inaanza na aljebra, milinganyo, na jinsi mlinganyo unavyozaa mstari uliopinda. Mstari wa namna hiyo nitauita mpindo. Juzuu ya pili inaingia katika vipimo vidogo kupindukia, inafunza kutafuta mteremko, vilele na mabonde, kisha inageuka kwenye njia ya kurudi, na hatimaye inafikia milinganyo ambamo kinachotafutwa kimefichwa ndani ya mabadiliko yake yenyewe. Jacopo Riccati, mwanahisabati mkongwe, aliisoma miswada yake na kumpa mchango. Kila fundisho linafuatwa na mifano, na mfano ukimalizika huja mwingine wenye kikwazo kipya kidogo. Mwaka wa 1749 kamati ya Akademia ya Sayansi ya Paris ilikikagua ikakisifu kwa kuyaunganisha chini ya mpango mmoja mambo yaliyotawanyika katika kazi za watu wengi waliotumia njia tofauti.

Wako waliokidharau kwa kusema kwamba hakina ugunduzi mpya. Hoja hiyo inanikera. Ni sawa na kumlaumu mtunzi wa kamusi kwa kutobuni lugha.

Mwaka huohuo wa 1748, Leonhard Euler alitoa kwa Kilatini kitabu cha misingi ya uchanganuzi kilichobadili mwelekeo wa taaluma. Agnesi, kama wengi waliomtangulia, alianza na mpindo kisha akatafuta mlinganyo wake. Euler aliweka mbele fanksheni, yaani kanuni inayotwaa namba na kutoa namba nyingine, na grafu ikawa picha yake tu. Leo fanksheni huelezwa kuwa uhusiano ambapo kila thamani ya x hupewa thamani moja, wala si mbili, ya y. Mwalimu wa sasa hufuata njia ya Euler. Hata hivyo mwanafunzi anayeichora grafu kwa mkono wake kabla ya kuambiwa kanuni yuko karibu zaidi na Agnesi.

Tuuchukue mpindo uliobeba jina lake. Chora duara lenye kipenyo cha kizio 1, liketi juu ya mstari mlalo. Chora mstari mwingine mlalo unaoligusa kwa juu. Kutoka nukta ya chini kabisa ya duara, vuta mstari ulionyooka, uupasue ukingo wa duara na kuendelea hadi ugonge ule mstari wa juu. Pale ulipopasua duara, chora mstari mlalo. Pale ulipogonga mstari wa juu, teremsha mstari wima. Mistari hiyo miwili inakutana kwenye nukta moja. Rudia kwa kuegemeza mstari wa kwanza zaidi na zaidi, kulia na kushoto, kisha unganisha nukta ulizozipata. Utaona kilima laini chenye kilele juu ya duara na miguu inayonyooka pande zote mbili bila kikomo.

Kwa maandishi ya leo, kilima hicho ni fanksheni y = 1/(1 + x²). Ijaribu. x ikiwa 0, y ni 1, nacho ndicho kilele. x ikiwa 1, y ni 1/2. Ikiwa 2 ni 1/5, ikiwa 3 ni 1/10, ikiwa 10 ni 1/101. Hasi ya x huleta jibu lilelile, ndiyo maana upande wa kushoto ni kivuli cha upande wa kulia. Mpindo unaukaribia mhimili wa chini siku zote lakini hauufikii katu, kwa sababu 1 ikigawanywa kwa namba yoyote, hata iwe kubwa vipi, haiwi 0.

Mteremko wake ni −2x/(1 + x²)². Kileleni ni 0, yaani mtu aliyesimama hapo hateremki wala hapandi. x ikiwa 1, mteremko ni −1/2: ukipiga hatua ndogo sana kwenda kulia, unashuka nusu ya hatua hiyo. Mahali penye mteremko mkali kupita pote ni x inapokuwa takribani 0.58, na hapo y ni 3/4 kamili. Kutoka kileleni hadi hapo kilima kimefura kama mgongo wa kobe. Kuanzia hapo kinabonyea kama kiganja. Kisha njoo kwenye eneo. Miguu ya kilima haina mwisho, kwa hivyo mtu angetarajia kwamba ardhi iliyo chini yake nayo haina mwisho. La hasha. Eneo lote, kutoka upande hadi upande, ni pai, yaani takribani 3.14, na hiyo ni mara nne kamili ya lile duara tulilolichora mwanzo. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa maneno yake kwa nini kitu kisicho na mwisho kina eneo lenye mwisho, huyo ameielewa kalkulasi, hata akisahau kanuni zote.

Mpindo wenyewe haukuwa wa Agnesi. Pierre de Fermat aliuchunguza karne moja kabla yake. Mwitaliano Guido Grandi ndiye aliyeupa jina la versiera mwaka wa 1718, mwaka uleule aliozaliwa Agnesi, akilichimbua kutoka neno la Kilatini linalohusiana na kugeuka. Agnesi aliuweka katika juzuu ya kwanza kama zoezi mojawapo kati ya mengi: akaeleza ujenzi wake, akamtaka msomaji autafutie mlinganyo, kisha akauonyesha. Halikuwa zoezi alilolitilia mkazo wa pekee.

Kitabu alikitabarukia kwa Malkia Maria Theresa wa Vienna, ambaye alimpelekea pete ya almasi na kijisanduku chenye vito. Mwaka wa 1750 Papa Benedict XIV, aliyeijua hisabati vya kutosha kukithamini kitabu hicho, alihakikisha kwamba Agnesi anapewa uhadhiri katika Chuo Kikuu cha Bologna, ambako Laura Bassi alikuwa ameshatangulia kama mwalimu wa fizikia. Jina lake liliandikwa katika orodha ya chuo na likabaki humo miaka mingi. Agnesi hakwenda. Hakutoa mhadhara hata mmoja Bologna, na wanaoandika kwamba alifundisha huko wanamtunza nishani asiyoitaka.

Mwaka wa 1752 Pietro alifariki, na kwa kifo chake mapatano ya zamani yakaisha. Agnesi, akiwa na umri wa miaka 34, aliiacha hisabati. Hakupunguza kasi wala kubadili tawi. Aliiacha moja kwa moja, akajitolea kuwahudumia wagonjwa na maskini, hasa wanawake. Alisoma theolojia, akafunza watoto dini, akatumia urithi wake kwa ajili ya wasiojiweza, hata zawadi za malkia akaziuza. Mwaka wa 1762 wasomi wa Turin walitaka maoni yake kuhusu kazi ya kijana aliyekuwa akiinukia kwa kasi, Joseph-Louis Lagrange. Alijibu kwamba mambo hayo hayamshughulishi tena.

Waandishi wa maisha yake hugawanyika hapa. Wengine huomboleza hisabati iliyopotea. Wengine humwona mtakatifu aliyeushinda ulimwengu. Mimi nashindwa kujiunga na kambi yoyote. Alipoandika kitabu aliwaandikia wasio na kitabu, na alipokiacha aliwaendea wasio na kitanda. Ila siwezi kukana kwamba msomaji wa kitabu chake akifikia ukurasa wa mwisho hutamani kulikuwa na juzuu ya tatu.

Mwaka wa 1771 ilifunguliwa Milan nyumba ya wazee na maskini iliyoitwa Pio Albergo Trivulzio, na askofu mkuu wa mji, Kadinali Pozzobonelli, alimwomba Agnesi asimamie upande wa wanawake. Mwaka wa 1783 alihamia humo moja kwa moja. Aliyekulia katika jumba lenye watumishi alizeeka katika chumba cha taasisi, akiwahudumia vikongwe ambao wengi wao hawakujua kusoma. Alifariki tarehe 9 Januari 1799, akazikwa katika kaburi la pamoja na maskini wengine, bila jiwe lenye jina lake.

Jina lilimngoja Uingereza. John Colson, profesa wa hisabati wa Cambridge, alikuwa amevutiwa na kitabu hicho kiasi cha kujifunza Kiitaliano uzeeni ili akitafsiri, na kwa hilo anastahili heshima. Alifariki mwaka wa 1760, na tafsiri yake ikakaa kwenye mashubaka hadi John Hellins alipoihariri na kuichapisha mwaka wa 1801. Colson alipofika kwenye lile zoezi la kilima, alikutana na neno versiera. Kiitaliano kina neno avversiera, yaani jike la shetani, na katika mazungumzo hata versiera lenyewe hubeba maana hiyo. Colson akalitafsiri kuwa mchawi. Kwa hiyo mpindo uliotokana na duara na mistari miwili ukaitwa, katika Kiingereza hadi leo, mchawi wa Agnesi, na baadhi ya lugha nyingine zikaiga.

Kosa hilo lina funzo kwa kila mfasiri, kwani kamusi haikumdanganya Colson. Maana aliyoipata ipo. Kilichomkana ni muktadha: hakuna mchawi anayechomoza katikati ya maelezo ya kipenyo na mstari mlalo. Nasi tuna mitego yetu. Anayekutana na fanksheni katika kitabu cha Kiingereza akaitafsiri kuwa kazi, kwa kuwa kamusi inamruhusu, atatuletea grafu zilizoajiriwa. Tanzania ilipoamua mwaka wa 1967 kufundishia shule za msingi kwa Kiswahili, hisabati ilihamia kwenye lugha hiyo na watoto wakazoea duara, kipenyo na mlinganyo bila maumivu. Lakini sekondari ilibaki na Kiingereza, hivyo istilahi za kalkulasi hazikupata darasa la kuzizoesha. Neno lisilo na darasa hubaki kwenye orodha.

Kisha kuna uzito wa neno lenyewe. Huku kwetu tunajua linavyoweza kumfanya mwanamke mzee likibandikwa juu yake. Agnesi alikuwa mwanamke mzee aliyeishi kati ya wanawake wazee, na miaka miwili baada ya kuzikwa pasipo jiwe, neno hilo likawekwa kando ya jina lake katika lugha ambayo haikuwa hata miongoni mwa zile saba. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulicheka wanapolisikia darasani, kisha huendelea kutafuta mteremko.

Waitaliano wanaendelea kuuita versiera. Katika makala haya nimeuita mpindo, na mtu akiniuliza wa nani, nitajibu wa Agnesi, ingawa Fermat ana haki ya kulalamika. Atakayetaka kurudi kwenye mzizi wa Grandi anaweza kufikiria jina linalotokana na kugeuka. Hilo nawaachia wenzangu wa somo la istilahi, wakijadiliane na watu wa idara ya hisabati iliyo ng'ambo ya uwanja.